Lugha ya Fundi na Kipimo Kilichokosekana: Kitabu cha Henri Mignet na Ndege ya "Chawa wa Angani", 1933–1939

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ndege ndogo ya HM.14, iliyobuniwa na Mfaransa Henri Mignet mwaka 1933, pamoja na kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida kuiunda nyumbani kwao. Ndege hiyo ilipata umaarufu mkubwa Ufaransa na Uingereza, kisha ikawaua baadhi ya marubani wake. Ni rahisi kukilaumu kitabu chenyewe, kwamba kiliwarahisishia wasio wahandisi jambo lisilorahisishika. Makala yanaonesha kuwa kasoro haikuwa katika wepesi wa lugha, bali katika kipimo ambacho kilikuwa hakijafanyika wakati kitabu kinaandikwa. Tofauti hiyo ina uzito kwa wanaoshauri kuhusu usimamizi wa mafundi wanaojiundia vyombo vya angani katika Afrika Mashariki, na kuhusu lugha ya kuwaandikia.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndege nyepesi haikuwa jambo geni. De Havilland Moth iliruka kwa mara ya kwanza Februari 1925, na mabawa yake ya kukunjwa yaliiwezesha kuhifadhiwa katika banda dogo. Ndege za jamii hiyo zilifika Afrika Mashariki mapema: kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilianza kazi kwa Gipsy Moth, na uwanja wa ndege wa Wilson unabeba jina hilo hadi leo. Hata hivyo, wepesi wa ndege hizo ulikuwa wa uzito, si wa bei. Wamiliki wake walikuwa matajiri, klabu na kampuni. Karani, mwalimu au fundi baiskeli, awe wa Lyon au wa Leeds, aliishia kuzitazama kutoka chini.

Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka 1893, alikuwa mmoja wa watazamaji hao. Ujuzi wake ulikuwa wa redio, na ndege alizifahamu kwa kuziunda mwenyewe, moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za kushindwa. Mwaka 1928 alianza kuwaandikia wasomaji wa gazeti la Les Ailes kwamba mtu asiye mhandisi anaweza kujiundia ndege, na muundo wake wa HM.8 uliigwa na wengi. Lakini yeye mwenyewe hakuridhika. Uendeshaji wa kawaida, unaotaka mikono na miguu ishirikiane bila kukosea, ulimshinda, naye hakuona haya kukiri hivyo. Kutokana na ungamo hilo ilizaliwa HM.14, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 1933.

2.0 Muundo wa HM.14

Katika ndege ya kawaida rubani ana kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwa fimbo ya usukani huinua au kuinamisha pua. Kwa fimbo hiyo hiyo huilaza ndege upande kwa kutumia vibawa vidogo vilivyo kwenye ncha za mabawa. Na kwa miguu hugeuza usukani wa mkia. Akikosea mpangilio huo wakati mwendo ni mdogo, bawa moja huacha kubeba uzito kabla ya jingine, na ndege huanguka huku ikizunguka kama pia. Ajali za namna hiyo ndizo zilizomtisha Mignet.

Alichofanya ni kuondoa. Aliondoa vibawa vya ncha, akaondoa vikanyagio vya miguu, akaondoa na mkia wa kulala. Palibaki mabawa mawili, moja mbele kwa juu, jingine nyuma na chini kidogo, na usukani mkubwa wa wima mkiani. Fimbo ikisukumwa kushoto au kulia, usukani uligeuka, na kwa kuwa ncha za mabawa zilikuwa zimeinuliwa, ndege ililala upande yenyewe kuifuata kona. Fimbo ikivutwa, bawa lote la mbele lilibadilisha pembe yake kwenye egemeo na kuinua pua. Bawa la nyuma lilikaa palepale. Ndege nzima ilikuwa na urefu wa mita tatu na nusu hivi. Ilikuwa ya mbao, plaiwudi na kitambaa, na ya kwanza ilivutwa na injini ndogo ya Aubier-Dunne ya sentimita za ujazo 500.

Kiini cha ubunifu huo kilikuwa nafasi nyembamba iliyoachwa kati ya ukingo wa nyuma wa bawa la mbele na ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Hewa iliyopita hapo ililazimika kwenda kasi, na kwa kasi hiyo ilishikamana na mgongo wa bawa la nyuma hata ndege ilipokwenda polepole sana. Matokeo yake ni kwamba HM.14 ilipopungukiwa na mwendo haikuzunguka na kuanguka. Ilishuka taratibu huku pua ikiwa juu. Kwa tatizo ambalo Mignet alijiwekea, jibu lake lilikuwa sahihi, na inafaa lisemwe hivyo, kwa sababu maandishi ya baadaye yamezoea kumchora kama mzembe.

Nafasi hiyo hiyo ndiyo iliyoficha hatari. Tuchukulie kwamba pua imeinama sana, pengine kwa dhoruba ya upepo au kwa rubani kuisukuma fimbo kupita kiasi. Mkono wowote wa mwanadamu utaivuta fimbo nyuma. Bawa la mbele linaongeza pembe yake, lakini kwa kufanya hivyo ukingo wake wa nyuma unashuka kulikaribia bawa la nyuma. Nafasi inabanwa, hewa inakimbizwa juu ya bawa la nyuma, na bawa hilo nalo linapata nguvu zaidi ya kuinua. Kwa kuwa liko nyuma ya kitovu cha uzito, nguvu yake huinua mkia, yaani huzidi kuinamisha pua. Mabawa mawili yanashindana, na baada ya pembe fulani la nyuma ndilo linaloshinda. Rubani anavuta fimbo hadi kifuani, na ndege inaendelea kushuka.

3.0 Kitabu na lugha yake

Novemba 1934 Mignet alichapisha Le Sport de l'Air, yaani Mchezo wa Angani. Kitabu hicho kilikuwa na vipimo vya mbao, maelezo ya gundi na kitambaa, michoro ya mkono wa mwandishi mwenyewe, na mafunzo ya kujifundisha kuruka bila mwalimu: kwanza kutambaa ardhini, kisha kuruka vijiruko vifupi kwa mstari mnyoofu, kisha kona. Mwandishi alizungumza na msomaji kama jirani aliyesimama mlangoni mwa karakana. Hoja yake ni kwamba aliyeweza kutengeneza sanduku imara la mbao na kuendesha gari hakuwa na sababu ya kubaki chini.

Jina la ndege, Pou-du-Ciel, lina maana ya chawa wa angani. Mwaka 1935 kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza, na mdudu akabadilika: chawa akawa kiroboto arukaye. Uchaguzi huo unaeleweka, kwani kiroboto huruka ilhali chawa hutambaa tu, na maneno mawili ya Kiingereza yanaanza kwa sauti moja inayovutia masikio ya mnunuzi. Wajerumani walibaki na chawa wao. (Msomaji wa Tanzania, ambako chawa siku hizi ni mtu anayemsifu mkubwa kwa tumaini la kupewa chochote, atalazimika kuiweka kando maana hiyo.)

Lililo muhimu zaidi ni aina ya ujuzi ambao lugha ya kitabu iliweza kuubeba. Maelekezo ya fundi hujengwa kwa vitenzi vya amri ambavyo matokeo yake huonekana: pima, kata, randa, gundisha, kaza. Fundi akikosea, jicho au kiganja humwambia. Lugha hiyo si duni. Kwa mambo yanayoguswa ina usahihi ambao vitabu vingi vya wahandisi havina. Lakini mwenendo wa hewa kati ya mabawa mawili, ndege ikiwa imeinama, hauguswi wala hauonekani. Kitabu hakikuueleza. Si kwamba maneno yalikosekana. Mignet mwenyewe hakuujua, na maabara zilikuwa bado hazijampima chawa wake. Aliijaribu ndege yake kwa mwili wake, kwa uzito wake, kwa injini yake, na katika mipaka hiyo ilimtii.

Wasomaji walivuka mipaka hiyo bila kujua kuwa ipo. Mfano mzuri ni wa Uingereza, ambako injini maarufu kwa ndege hizi ilikuwa Carden-Ford, iliyotokana na injini ya gari la Ford na iliyopozwa kwa maji. Ilikuwa nzito kuliko ile ya Kifaransa. Kila kilo iliyoongezwa mbele, na kila sentimita ambayo kiti au bawa lilisogezwa, ilihamisha kitovu cha uzito, na pamoja nacho pembe ambayo hakuna aliyeijua.

4.0 Vifo, vipimo na maamuzi

Agosti 1935 Mignet aliruka kutoka Ufaransa kuvuka mlango wa bahari hadi Uingereza, na shangwe ikapanda. Serikali ya Uingereza haikuzidai ndege hizi cheti cha kawaida cha ubora. Ilizipa kibali maalumu cha kuruka, ambacho hakikutanguliwa na uchunguzi wa muundo wake. Vibali zaidi ya 100 vilitolewa. Mwaka 1936 vifo vilianza kufuatana katika nchi zote mbili, na mashahidi walieleza jambo linalofanana: ndege iliinamisha pua na haikuinuka tena.

Hapo ndipo ndege kamili ilipowekwa katika handaki la upepo, Farnborough kwa upande wa Uingereza na Chalais-Meudon kwa upande wa Ufaransa. Farnborough ilibainika kwamba pua ikishainama kiasi cha nyuzi 15, hapakuwa na nguvu ya kutosha ya kuirudisha hata fimbo ikivutwa hadi mwisho.

Majibu ya nchi hizo mbili yanastahili kuwekwa bega kwa bega. Waingereza waliacha kutoa vibali vipya, na kufikia mwaka 1939 ndege hizo zilikuwa zimetoweka angani. Wafaransa waliirekebisha: nafasi kati ya mabawa na umbo la mabawa vilibadilishwa, na mahali pa kitovu cha uzito pakawekewa mipaka. Mignet aliendelea kubuni, na ndege za ukoo huo, HM.293 miongoni mwao, zimeendelea kuundwa na watu wa kawaida. Kipimo kilikuwa kimoja. Upande mmoja ulikitumia kufunga mlango, upande wa pili ulikitumia kuongeza ukurasa uliokosekana.

Uingereza yenyewe haikubaki hapo. Mwaka 1946 waundaji wa ndege nyepesi waliunda chama chao, na baadaye utaratibu ukajengwa wa kukagua ndege ya nyumbani hatua kwa hatua, kabla mifupa yake haijafunikwa kwa kitambaa. Ufaransa chama chao kilijiita Réseau du Sport de l'Air, jina linalorudia lile la kitabu. Marekani, ambako Paul Poberezny alianzisha chama cha Experimental Aircraft Association mwaka 1953, sheria inataka sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na mtu anayejielimisha au kujiburudisha, na abiria aone ndani ya ndege maandishi yanayomtahadharisha kwamba chombo hicho hakikidhi masharti ya ndege za kawaida. Sentensi hiyo moja, iliyobandikwa mahali pa kuonekana, pengine ndiyo iliyo fupi kuliko zote katika sheria hiyo, na ndiyo inayosomwa zaidi.

5.0 Suala la lugha katika Afrika Mashariki

Katika Kenya, Uganda na Tanzania magazeti huchapisha mara kwa mara habari za fundi aliyejiundia ndege au helikopta uani kwake. Kwa kawaida habari hizo huwa na sehemu mbili: pongezi, kisha tangazo kwamba chombo kimezuiwa. Kinachokosekana kati ya sehemu hizo ni maandishi ambayo fundi angeweza kuyasoma kabla hajanunua bomba la kwanza. Kanuni za usafiri wa anga za nchi hizi ziliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Fundi hujifunza kwa picha na video, yaani kwa vitu vinavyoonekana, na hivyo hurithi upungufu ule ule wa mwaka 1934.

Kiswahili hakianzi na mikono mitupu. Rubani alikuwa kiongozi wa chombo baharini kabla hajapanda angani, na usukani ulikuwa mkiani mwa jahazi kabla ya kuwa mkiani mwa ndege. Bawa na mkia tumepewa na ndege mwenyewe. Ugumu uko kwenye dhana zisizoonekana. Kiingereza, kwa mfano, hutumia neno moja kwa bawa linaloacha kubeba uzito na kwa injini ya gari inayozimika. Mfasiri akiandika kwamba ndege "imezima", msomaji atakimbilia kukagua mafuta wakati kosa liko kwenye pembe ya bawa. Kusema kwamba bawa "limeachwa na hewa" ni kurefu kidogo, lakini kunamwelekeza mtu mahali penyewe. Vivyo hivyo, "kitovu cha uzito" ni istilahi iliyo tayari; inachohitaji ni maelezo ya namna ya kukitafuta kwa mizani mitatu chini ya magurudumu na hesabu ya darasa la saba.

Mwongozo wa namna hiyo, ukiandikwa na mhandisi akiwa ameketi na mwanaisimu na fundi mmoja, haungezidi kurasa 40. Mamlaka inaweza kuutoa pamoja na fomu ya kuomba ukaguzi, na ukaguzi wenyewe ukafanyika kabla ya kitambaa, kama ulivyo utaratibu wa Uingereza wa leo. Katika majumba kadhaa ya makumbusho ya nchi hiyo, HM.14 za miaka ya 1930 zimening'inizwa darini, bawa la mbele likiwa karibu kabisa na la nyuma, kama zilivyojengwa kwa kufuata toleo la kwanza la kitabu.