Mutoto akinyamaza siku yote, tujiulize

Mu Katuba ao mu Ruashi, mama akienda ku soko asubui mapema, mutoto muchanga anabakia na kambo, ao na yaya yake wa miaka 10. Magaribi mama anarudia na kuuliza: "Alisumbua?" Wanamujibu: "Hapana, alitulia tu." Wote wanafurahi. Lakini kutulia kwa mutoto si habari njema kila mara.

Kulia ni namna yake ya kuita. Na mbele ya kulia, anaita kwanza kwa mwili. Akisikia njaa, anageuza kichwa, anatafuta ziwa, anatia mikono mu kinywa. Kama siku kwa siku hakuna mutu anamujibu, anaweza kuacha kuita. Hapo si adabu: amezoea kwamba hakuna mutu anakuja.

Wengine wanasema ukimubeba kila akilia, utamuharibu. Kwa mutoto wa miezi ya kwanza, ile si kweli. Ubongo wake unakomaa kwa kujibiwa: anatoa sauti, unamujibu, anakuangalia, unamuchekelea. Mutoto aliyezaliwa karibuni anaona vizuri kwa santimetre 20 mpaka 30, ni kusema toka ku ziwa mpaka ku uso wa mama. Sauti ya mama alianza kuisikia tangu mu tumbo. Basi kumubeba mu mugongo na kusema naye wakati wa kufua nguo ao kupika bukari, ile ni kumulea. Baba pia anaweza, na haiombi feza.

Yule yaya wa miaka 10 anaomba kufundishwa. Umuonyeshe alama za njaa. Umukataze kumupa mutoto maji ao uji ili anyamaze: mpaka miezi 6, maziwa ya mama peke yake inatosha. Mama anaweza kukamua maziwa na kuiacha mu kikombe safi chenye kufunikwa.

Tuangalie tena hivi: ku miezi 3, anachekelea watu? Anashituka akisikia makelele? Ku miezi 9, anaikala bila kushikiliwa? Ku miezi 18, anatembea? Kama hapana, mumuambie muganga siku ya kupima kilo, musingojee. Na mutoto mwenye kulegea, mwenye homa ao mwenye kukataa kunyonya, mumupeleke ku kituo cha afya siku ile ile.

Leo magaribi, kuliko kuuliza kama alisumbua, tuulize: "Aliita mara ngapi, na nani alimujibu?"