Kiendeshi cha kujiundia chaweza kufufua mashine kuukuu, ila kina masharti

MASHINE kubwa ya kuchonga chuma haifi kwa sababu ya chuma. Ile iliyoundwa katika miaka ya 1980 yaweza kuwa bado ina meza iliyonyooka, beringi timamu na mota zenye nguvu, ilhali imetupwa pembeni mwa karakana kwa kuwa kisanduku kimoja cha elektroniki kimeungua na kampuni iliyokiunda haikiuzi tena.

Kisanduku hicho ni kiendeshi, yaani sakiti inayopokea amri dhaifu kutoka kwa kompyuta ya mashine na kuigeuza kuwa mkondo mkubwa wa kuzungusha mota. Kila mhimili wa mashine una mota yake na kiendeshi chake: mmoja wa kwenda kushoto na kulia, mwingine mbele na nyuma, na wa tatu juu na chini.

Kwa sababu hiyo, mafundi katika nchi nyingi wameamua kujiundia viendeshi wenyewe kwa transista na chipu zinazouzwa katika maduka ya kawaida ya elektroniki. Kazi hiyo inawezekana. Hata hivyo, ugumu wake hauko pale wengi wanapoutarajia. Kuifanya mota izunguke ni jambo la saa chache. Kuhakikisha kwamba haizunguki wakati isipotakiwa ndiyo kazi yenyewe.

Neno servo huwatisha wengi bure. Katika mashine nyingi za zamani, mota ya servo ni mota yenye brashi za kaboni inayotumia umeme wa mwelekeo mmoja, kama ule wa betri. Linaloitofautisha na mota nyingine ni kifaa kidogo kilichofungwa nyuma yake kiitwacho enkoda.

Ndani ya enkoda mna kisahani chenye mistari myembamba inayopita mbele ya mwanga. Enkoda ya mistari 500, ikihesabiwa kingo zote kwa vihisi viwili, hutoa hesabu 2,000 kwa kila mzunguko mmoja. Iwapo mota inazungusha skrubu ya gololi inayoisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila hesabu moja ni milimita 0.0025. Unywele wa binadamu una unene unaokaribia milimita 0.07.

Kazi ya kidhibiti, basi, ni kulinganisha mambo mawili bila kuchoka: mahali meza ilipoamriwa kuwa, na mahali enkoda inaposema ipo. Tofauti ikiwapo, mota husukumwa kuiondoa. Ulinganishaji huo hurudiwa mara 1,000 au zaidi kwa sekunde.

Namna ya kusukuma ina historia inayopendeza. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka wa 1922 uchunguzi wake kuhusu kuongoza meli bila mkono wa mtu. Alikuwa amegundua kwamba mshika usukani hodari haangalii tu meli imepotoka kiasi gani kwa wakati huo. Huzingatia pia upotovu uliokwisha kulimbikizana, na kasi ambayo meli inajirudi au inazidi kupotea.

Mambo hayo matatu ndiyo yanayopigiwa hesabu hadi leo katika vidhibiti vya servo. Fundi akitilia mkazo mno jambo la kwanza, mota hutetemeka na kupiga kelele kama nyuki waliochokozwa. Akililegeza mno, meza hufika ikiwa imechelewa na duara hukatwa likiwa yai.

Hesabu hizo zaweza kufanywa na chipu ndogo iliyo ndani ya kiendeshi au na kompyuta. Programu ya LinuxCNC, ambayo chimbuko lake ni mradi wa taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na teknolojia, NIST, katika miaka ya 1990, hupatikana bila malipo na huweza kuifanya kazi hiyo. Kinachobaki ni nguvu, na ni hapo moshi wa kwanza huonekana.

Tuseme umeme wa mota ni volti 70, na mota inayokata chuma polepole inahitaji volti 10 tu na mkondo wa ampea 15. Sakiti inayopunguza volti kwa kuzizuia italazimika kumeza volti 60 zilizosalia. Volti 60 mara ampea 15 ni wati 900, joto la kutosha kupiga pasi nguo za familia nzima, likitoka ndani ya transista zisizozidi ukubwa wa kidole gumba.

Ndiyo maana kiendeshi hakizuii umeme. Hukiwasha na kuzima. Transista za aina ya mosfeti hufunguka na kufungwa takriban mara 20,000 kwa sekunde, kasi ambayo sikio haliisikii. Zikiwa wazi kwa sehemu moja tu kati ya saba ya muda huo, mota huona wastani wa volti 10. Mosfeti nzuri ikiwa wazi ina ukinzani wa omu 0.02 hivi, na kwa ampea 15 hutoa joto la wati 4.5. Bati la kupooza joto na feni ndogo vinatosha.

Ili mota igeuke pande zote mbili, transista nne hupangwa kwa umbo la herufi H, mota ikiwa ule mstari wa katikati. Ya juu kushoto na ya chini kulia zikifunguka, mota huenda upande mmoja. Zile nyingine mbili zikifunguka, hurudi.

Umbo hilo lina mtego. Iwapo transista ya juu na ya chini za upande mmoja zitakuwa wazi kwa pamoja, hata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, umeme hautapita kwenye mota bali utateremka moja kwa moja kutoka volti 70 hadi sufuri. Hiyo ni shoti ya mamia ya ampea. Fyuzi huja kuungua baadaye, transista zikiwa zimekwisha teketea.

Mosfeti haizimiki papo hapo inapoamriwa. Kwa hivyo lazima kuwe na pengo, kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine, la takriban nusu ya sehemu moja kwa milioni ya sekunde hadi sehemu moja nzima. Ni pengo dogo kiasi kwamba anayeanza hulipuuza, na kila anayelipuuza hurudi dukani kununua transista nyingine nne. Afadhali pengo hilo liwekwe na sakiti yenyewe kuliko kuachiwa programu, kwani programu inaweza kukwama.

Transista za juu zina adha nyingine. Mosfeti hufunguka kwa kupewa kwenye lango lake volti 10 au 12 zaidi ya zilizo kwenye mguu wake wa kutolea umeme, na mguu huo wa ile ya juu nao hupanda hadi volti 70. Lango, basi, linahitaji kama volti 82, ambazo hazipo popote katika sakiti.

Chipu kama IR2110 hutatua tatizo hilo kwa kutumia kapasita ndogo inayojazwa kila mara transista ya chini inapofunguka. Sharti lake ni kwamba transista ya chini ifunguke mara kwa mara. Kiendeshi kinachoamriwa kuiacha ya juu wazi moja kwa moja humaliza akiba hiyo, na mosfeti haiwezi tena kubaki wazi ipasavyo.

Kuna pia suala ambalo halionekani hadi mashine inapoanza kazi. Mota inayopunguza kasi hugeuka jenereta. Chukua mota yenye rota ya wastani, ya inashia ya kilo 0.002 mara mita ya mraba, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika: ina nishati ya jouli 44. Meza ya kilo 300 inayosukumwa nayo, ikienda mita 10 kwa dakika, ina jouli 4 tu. Wengi hudhani ni kinyume.

Mota ikisimamishwa ghafla, nishati hiyo, isipokuwa inayopotelea njiani, hurudi kwenye kapasita za umeme mkuu, kwa kuwa diodi haziruhusu irudi kwenye nyaya za Kenya Power. Kapasita ya maikrofaradi 10,000 iliyo kwenye volti 70 haiwezi kupokea zaidi ya jouli 26 kabla ya kufika volti 100. Ikiwa transista zilizonunuliwa zina uwezo wa kustahimili volti 100 pekee, breki ya kwanza kali yaweza kuwa ya mwisho. Dawa ni rezista kubwa ya kumwagia nishati, inayowashwa yenyewe volti zikifika 85 hivi.

Volti zenyewe zatoka wapi? Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Transfoma ya kuushusha hadi volti 50, ikifuatwa na diodi na kapasita, hutoa volti 70 hizo. Wapo wanaoshawishika kuiruka transfoma kwa sababu ni nzito na ghali. Hilo huleta takriban volti 340 zilizounganishwa moja kwa moja na nyaya za mtaani, na kosa moja la mkono hapo ni kifo. Hata kwa volti 70, kapasita hubaki na umeme baada ya swichi kuzimwa. Rezista ya kuzimaliza si pambo.

Yote hayo yakitimizwa, bado hatari kuu haijaguswa. Kidhibiti huamini enkoda kama kipofu anavyoiamini fimbo yake. Waya wa enkoda ukikatika, au tope la mafuta likiingia kwenye kisahani, hesabu husimama. Kidhibiti huona meza haisogei, kikaongeza nguvu, kikaongeza tena. Kwa mita 10 kwa dakika meza hupita sentimita 5 katika muda wa kupepesa jicho, na inayokimbia hivyo haikomei kwenye kasi hiyo.

Nyaya za mota zikigeuzwa, mambo ni mabaya zaidi: kila sahihisho huongeza kosa, na mhimili hutimka mara tu umeme unapowashwa. Mkono ulio kati ya meza na kisu hauna nafasi.

Kwa hiyo kidhibiti huwekewa kikomo. Tofauti ikizidi, kwa mfano, nusu milimita, mota hukatiwa nguvu bila kuulizwa. Swichi za mpaka kwenye ncha za meza, pamoja na kitufe chekundu cha dharura, hukata umeme wa mota kwa kontakta, si kwa kuiomba kompyuta. Mosfeti iliyokufa mara nyingi hufa ikiwa wazi, na hapo hakuna programu inayoweza kuifunga. Mhimili wa juu na chini nao wahitaji breki ya springi, la sivyo kichwa cha mashine huanguka umeme unapokatwa.

Mota mpya zaidi, zisizo na brashi, zinahitaji transista sita na hesabu ndefu kidogo, lakini hatari zake ni zile zile.

Majaribio huanza mota ikiwa nje ya mashine, imebanwa kwenye jiriwa. Balbu ya kizamani ya wati 60 huunganishwa kwenye waya wa umeme unaoingia kwenye transfoma. Pakiwa na shoti ndani ya kiendeshi, balbu huwaka badala ya transista kulipuka. Mwangaza wa kitambo kidogo ni kapasita zinazojaa tu.

Mota ikishatulia na kufuata amri, fundi huchomoa waya wa enkoda makusudi ikiwa inazunguka, tena kwa kasi ya juu, na kuhesabu imezunguka kiasi gani kabla ya nguvu kukatwa na mota kusimama. Hurudia mara kadhaa, kwa pande zote mbili. Jaribio hilo likishindwa hata mara moja, mota haifungwi kwenye skrubu ya meza siku hiyo.