Jeraha la Kichwa Limepona, Mbona Tabia Imebadilika?

Leo tuzungumzie tatizo linaloweza kuvunja nyumba bila wenyewe kujua chanzo chake.

Tuseme mtu wa hapa Glenwood amegongwa na gari Umbilo Road, au amepigwa kichwani na wezi usiku akitoka kulinda magari. Amelazwa, amerudi, kidonda kimefunga. Anatembea, anazungumza, anakumbuka majina ya watoto wote. Watu wanamshukuru Mungu. Baada ya wiki chache mke anaanza kusema, "Huyu siye mume wangu niliyemjua." Amekuwa mkali, anatoa maneno machafu mbele ya wakwe, anamaliza pesa ya kodi kwa siku moja, au analala kutwa bila kujali lolote. Wengine watasema ni jeuri, wengine watasema karogwa. Lakini huenda ni sehemu ya mbele ya ubongo iliyoumia.

SEHEMU HII INAFANYA KAZI GANI?

Iko nyuma ya paji la uso, na ni kama theluthi moja ya tabaka la juu la ubongo. Ndiyo msimamizi wa shughuli zote: macho huona na masikio husikia, lakini yeye ndiye anayeamua lifanyike nini, lini, na lipi liachwe. Ikiumia, dalili hutegemea mahali palipoumia:

1. Upande wa juu na wa nje: kufikiri na kupanga. Mgonjwa anajua kupika, lakini anaweka sufuria motoni kabla ya kutafuta unga, kisha anasahau alichokuwa akifanya. Mambo mawili kwa pamoja yanamshinda.

2. Upande wa chini, juu ya macho: kujizuia. Kila linalomjia hulisema au hulitenda. Hukasirika haraka na kupoa haraka, hucheka msibani, hutumia pesa ovyo, au huwashika watu isivyo heshima.

3. Katikati, pande mbili za ubongo zinapokutana: hamu na msukumo. Asipoambiwa "oga", haogi. Asipopewa chakula, hali. Anaonekana mvivu, kumbe hawezi kuanza jambo mwenyewe.

4. Upande wa nyuma wa sehemu hiyo: kutembeza viungo. Jeraha la kushoto hudhoofisha mkono na mguu wa kulia, na huweza kukwamisha maneno mdomoni.

Jambo gumu zaidi kwa familia ni kwamba mgonjwa mara nyingi haoni kasoro yake. Ukimwambia amebadilika, anakuona wewe ndiye mgomvi. Hafanyi kusudi, kifaa cha kujipima mwenyewe nacho kimeumia.

NI NINI HULETA TATIZO HILI?

Ajali za barabarani, kipigo, kuanguka, kiharusi, uvimbe wa ubongo na maambukizi ya ubongo. Upo pia ugonjwa unaokula sehemu hii taratibu, ambao mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, na dalili yake ya kwanza huweza kuwa tabia, siyo kusahau. Fahamu pia kuwa mtu aliyepigwa kisogoni anaweza kuumia mbele, kwa sababu ubongo hutikisika na kujigonga kwenye mfupa wa ndani wenye makwaruzo, juu ya macho. Vilevile picha ya kichwa inaweza kuonekana safi na tatizo likawepo.

KISA KILICHOWAFUNZA MADAKTARI

Tarehe 13 Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, mwenye miaka 25, alipatwa na mlipuko. Chuma cha urefu wa zaidi ya mita moja, chenye uzito wa kilo 6 hivi, kilipenya shavuni na kutokea juu ya kichwa. Hakufa, na aliweza kuzungumza. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kuwa mtu yule wa kutegemewa alikuwa sasa na matusi, hana subira, anapanga mambo na kuyaacha. Hakurudishiwa kazi yake. Hata hivyo, baadaye alifanya kazi nchini Chile kwa miaka kadhaa, akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Kazi yenye ratiba ileile kila siku huenda ilimsaidia. Alifariki mwaka 1860.

UFANYE NINI UKIWA HAPA DURBAN?

Mpeleke kliniki ya karibu au hospitali ya Victoria Mxenge (zamani King Edward VIII), na uombe achunguzwe. Inkosi Albert Luthuli, ambako kuna wapasuaji wa ubongo, hupokea mgonjwa mwenye barua ya rufaa tu, kwa hiyo usianzie huko.

Usimwache aingie peke yake kwa daktari. Kwa dakika kumi anaweza kujibu vizuri kabisa. Daktari hamjui alivyokuwa zamani. Unayemjua ni wewe. Andika mifano mitatu au minne: alikuwa hivi, sasa yuko hivi, tangu tarehe fulani. Omba pia vipimo vya akili vifanywe kwa Kiswahili kupitia mkalimani, ili kutojua Kiingereza au Kizulu kusihesabiwe kuwa ugonjwa.

Nyumbani fanya haya:

- Weka ratiba moja ya kila siku, iandikwe ukutani.
- Mpe agizo moja fupi kwa wakati mmoja.
- Akipandwa na hasira usibishane naye. Ondoka na watoto, rudi akipoa. Akitishia kuumiza mtu, ita msaada. Ugonjwa haukulazimishi kuvumilia kipigo.
- Kadi ya benki na pesa za kutuma nyumbani ashike mtu mwaminifu.
- Tarehe ya kuhuisha karatasi za ukimbizi au kibali ikumbuke wewe.
- Asinywe pombe, wala asiendeshe gari mpaka daktari aruhusu.
- Waeleze jirani na mwajiri. Mtu asiyejizuia anaweza kuponzwa na neno moja barabarani, hasa akiwa mgeni.
- Ndugu wapokezane zamu, anayemuuguza naye apumzike.

DALILI ZA HATARI

Baada ya kuumia kichwa, kichwa kikizidi kuuma, akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamshike, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au akitokwa na maji meupe puani au masikioni, piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Fanya hivyo pia tabia ikibadilika ghafla pamoja na homa. Ibara ya 27 ya Katiba ya Afrika Kusini inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Haisemi raia peke yake.

JE, ATAPONA?

Nafuu kubwa mara nyingi huja katika miezi sita ya mwanzo, lakini wengine huendelea kupata nafuu kwa miaka. Wapo wasiorudi walivyokuwa, ila wanaweza kuishi vizuri wakielekezwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu aliyebadilika baada ya kuumia kichwa, usimfukuze, na usimalize akiba yako kwa waganga. Anza kliniki.