Uchovu baada ya kupandikizwa figo: akina mama wahimizwa kuusema kliniki

Mama aliyepandikizwa figo anaporudi nyumbani Sigowet, majirani huja kumpongeza. Ameachana na mashine ya kusafisha damu aliyokuwa akiunganishwa nayo kwa saa nyingi kila wiki, na kila mtu humhesabu kuwa amepona. Miezi michache baadaye bado hawezi kubeba kapu la majani chai hadi kituo cha kununulia. Mchana anasinzia, usiku hapati usingizi, na nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba amezoea kuhudumiwa.

Uchovu huo si uvivu. Figo mpya huweza kuanza kazi siku ileile ya upasuaji, lakini mwili uliodhoofishwa na ugonjwa kwa miaka haurudi kwa haraka hiyo. Damu huenda bado ni pungufu na misuli imelegea. Prednisoloni, mojawapo ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, hufukuza usingizi na kubadilisha hisia. Mtu anaweza kulia au kukasirika bila kujua sababu. Ndiyo maana kwa kawaida humezwa asubuhi, baada ya chakula. Mengi kati ya haya yana tiba, ila daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Wakati mwingine uchovu ni dalili ya maambukizi au ya figo kukataliwa. Ukija pamoja na homa, mkojo kupungua, miguu kuvimba au maumivu mahali figo ilipowekwa, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia mzigo ambao vipimo vya damu havionyeshi. Dawa hunenepesha uso na kuongeza uzito, na si kila mwanamke anapenda kurudi kwenye chama akiwa na sura ambayo wenzake hawaitambui. Hapa Kenya figo nyingi hutolewa na jamaa aliye hai, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza kuuza viungo. Kwa hiyo anayedaiwa shukrani huenda ni kwa dada yake wa tumbo moja. Mama anahisi hana haki ya kulalamika, ananyamaza, na huzuni inakomaa. Aliyekata tamaa huanza kuruka dozi, na dozi zikirukwa figo inaweza kupotea. Dawa hizi ni za kila siku, kwa saa zilezile, muda wote figo inapofanya kazi.

Jambo jingine lisilosemwa sana ni uzazi. Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi miezi michache tu baada ya upasuaji, hata kwa aliyekuwa amekosa hedhi kwa muda mrefu. Edith Helm wa Marekani alipewa figo na pacha wake mwaka 1956, akajifungua mwaka 1958. Hata hivyo, madaktari hushauri kusubiri angalau mwaka mmoja, na dawa ya mikofenoleti hudhuru mtoto tumboni. Hubadilishwa na daktari angalau wiki sita kabla ya kutafuta mimba. Mama asiiache mwenyewe. Mpango wa uzazi ujadiliwe mapema, na mume akiwapo.

Familia zinaombwa kumsindikiza mgonjwa kliniki angalau mara moja, zisikie maelezo zenyewe. Kazi irudi polepole: kutembea kidogo kila siku kwanza, shamba baadaye kwa ruhusa ya daktari. Dawa za mitishamba zisichanganywe na za hospitali kabla ya kuuliza, kwani baadhi huharibu kiwango cha dawa kwenye damu.

Anayelemewa na mawazo anaweza kumweleza mhudumu wa afya wa kijiji chake, au kupiga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo. Kabla ya kliniki, aandike kwenye daftari amelala saa ngapi na uchovu unamshika wakati gani. Anayetumia takrolimasi asimeze dozi ya asubuhi siku ya kupimwa kiwango chake hadi damu itolewe. Aibebe na kuimeza mara tu baada ya hapo.