Nani Ashike Uongozi?

Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Megargee, aliwapanga watu wawili wawili wafanye kazi ya kutengeneza mashine. Mmoja awe kiongozi, mwingine msaidizi, wachague wenyewe. Tayari alikuwa amewapima kwa maswali, akijua nani ana hulka ya kuongoza na nani hana, na kila jozi ilikuwa na mmoja wa kila aina.

Wanaume walipokutana wenyewe, mwenye hulka hiyo aliongoza katika jozi 75 kati ya kila 100. Wanawake kwa wanawake, 70. Mwanamume mwenye hulka hiyo akiwekwa na mwanamke asiye nayo, 90. Ila hulka hiyo ilipokuwa kwa mwanamke, na mwenzake ni mwanamume, idadi iliporomoka hadi 20.

Megargee akasikiliza mazungumzo yao. Katika asilimia 91 ya jozi hizo za mwisho, aliyekata shauri nani aongoze alikuwa mwanamke mwenyewe, na mara nyingi alimchagua mwanamume.

Ni kosa kubwa kuyasoma matokeo hayo kana kwamba wanawake hawataki uongozi. Mwanamke huyo ndiye aliyeamua. Alichokikabidhi ni cheo tu, kwa kuwa alijua jamii inamtarajia nani akishike. Hali hiyo haiko mbali na kamati zetu za harusi au za shule, ambako mwenyekiti huteuliwa kabla watu hawajajuana, na mwanamke akapewa kalamu ya ukatibu.

Kujuana kuna uzito wake. Mwaka 1991 Alice Eagly na Steven Karau walikusanya tafiti nyingi za aina hii wakaona kuwa wanaume huibuka viongozi zaidi, hasa katika vikundi vya muda mfupi. Kikundi kikikaa pamoja, pengo hupungua: watu wanakuwa wameshaona nani anaweza nini.

Kanuni za kikao nazo zina nguvu. Christopher Karpowitz na Tali Mendelberg waliunda vikundi 94 vya watu watano watano wajadili ugawaji wa mapato, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Pale wanawake walipokuwa wachache na uamuzi ukafuata wingi wa kura, walizungumza kidogo kuliko wanaume. Uamuzi ulipotakiwa uwe wa kauli moja, wanawake hao wachache walipata nafasi ya kusema karibu sawa na wanaume, maana bila ridhaa yao kikao kisingefika popote.