Kabla Hujanunua Antivairasi, Fungua Uliyo Nayo

Kompyuta ya nyumbani hapa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, haihitaji intaneti ili ipate virusi. Flashi inatosha. Mwalimu anaandaa mtihani usiku, asubuhi anaupeleka steshenari ukatolewe kopi, na kompyuta ya steshenari imeshapokea flashi za kila aina. Jioni akiichomeka ya kwake nyumbani, hauoni mtihani wala picha za kipaimara cha mwanawe. Anaona vijifaili vyenye mshale mdogo kwenye kona ya chini, kila kimoja kina KB moja au mbili tu. Mara nyingi mafaili yake hayajafutwa, yamefichwa. Na akibofya mshale, anakiamsha kirusi kihamie kwenye kompyuta yake.

Asibofye. Abofye kulia kwenye jina la flashi, achague kuikagua kwa Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows. Kirusi kikishaondolewa, afungue dirisha jeusi la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* akiweka herufi ya flashi yake badala ya F. Mafaili yataonekana tena. Kazi hiyo haina sababu ya kulipiwa.

Baada ya mkasa kama huo ndipo watu huuliza wanunue antivairasi ipi. Jibu langu haliwafurahishi wauzaji: mwenye Windows 10 au 11 anayo tayari. Ni Defender hiyohiyo, inakuja na Windows yenyewe, haidai leseni. Enzi za Windows 7 nisingekushauri uitegemee ile ya Microsoft peke yake. Siku hizi maabara huru kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huipima pamoja na za kulipia, nayo haiachwi nyuma.

Kinachoiangusha huku kwetu ni bando. Antivairasi yoyote huishi kwa masasisho, na mtu anayetumia hotspot ya simu huyazuia ili MB zisiishe. Baada ya miezi mitatu ana mlinzi asiyewajua wezi wapya. Tena hasara hiyo inampata hata aliyenunua ya bei mbaya. Masasisho ya Windows yenyewe nayo ni vivyo hivyo: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu ambalo kirusi hicho kilipitia tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka.

Kama bando ni shida, ipo njia. Microsoft inatoa kwenye tovuti yake faili la masasisho ya Defender, mpam-fe.exe, lenye zaidi ya MB 100. Lipakue mahali penye wi-fi, ukiangalia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, libebe kwenye flashi safi, kisha libofye nyumbani. Ukifanya hivyo kila wiki, umefanya la maana kuliko kubadilisha jina la antivairasi.

Kuna adui mwingine tunayemlipa wenyewe. Fundi anakupigia Windows ya kukrakiwa, anakwambia lazima azime Defender kwanza ndipo kifaa chake cha kuiamilisha kifanye kazi. Ukikubali, hujui nini kingine kimeingia mlango ukiwa wazi. Na antivairasi ya kukrakiwa, ambayo nimeshaiona ikiuzwa, ni kichekesho cha aina yake.

Sisemi za kulipia hazina kazi. Mwenye ofisi ndogo nyumbani, kompyuta kadhaa na simu za watoto anaweza kufaidika na leseni moja ya vifaa vyote. Asome kwanza bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza huwa ya chambo. Aangalie pia kampuni inafanya nini na taarifa zake: Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo wateja wake walikuwa wakizitembelea. Na akichagua moja, asiweke ya pili juu yake. Zitagombana na kompyuta itakuwa nzito.

Kwa mkazi wa kawaida, kwa fedha ya leseni nunua diski ya nje. Weka humo nakala ya picha na kazi zako, kisha ichomoe. Kirusi hakifungi kilichoko kabatini.

Jambo moja lina tarehe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 anaweza kujiandikisha kwenye ukurasa wa Windows Update kupata viraka vya ziada, bila malipo akiunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Viraka hivyo vimepangwa kufika hadi 13 Oktoba 2026.