Picha za Kale za Wanyama: Chapa ya Asili au Nakala?

Mnunuzi wa Mwanza anayetaka kupamba sebule au hoteli yake kwa picha ya kale ya nzohe, yule swala wa vinamasi anayeishi kisiwani Rubondo, huenda akaonyeshwa karatasi ya manjano na kuambiwa kuwa ina umri wa zaidi ya miaka 100. Tunamshauri asilipe kabla ya kuichunguza.

Picha nyingi za namna hiyo zilitoka vitabuni. Kimojawapo ni The Book of Antelopes, kilichochapishwa London kati ya 1894 na 1900, chenye michoro ya Joseph Wolf. Michoro ilihamishiwa kwenye jiwe, ikachapwa, kisha ikapakwa rangi kwa mkono. Ukiitazama chapa hiyo kwa lenzi ya kukuzia, rangi huonekana imetandazwa kwa brashi; rangi ya nakala ya kisasa huwa ni nukta ndogondogo. Umanjano wa karatasi hauthibitishi kitu, maana hata chai huuleta.

Nakala yenyewe si kosa. Hakimiliki ya michoro hiyo imekwisha muda, na Biodiversity Heritage Library hutoa vitabu vya aina hiyo bure mtandaoni. Kwa hiyo mnunuzi wa nakala hulipia karatasi, wino, fremu na kazi ya mchapaji. Kosa ni kuiuza kwa jina la asili. Dai stakabadhi iliyoandikwa "nakala" au "chapa ya asili". Muuzaji akikataa kuandika "asili", usilipe bei ya asili.